Mbeba Mpira: Malezi na Maisha ya Mchezaji wa Chuo Kikuu Nchini Marekani

Utangulizi

Mnamo mwaka wa 1982 kijana mmoja Mwigbo, mzaliwa wa Enugu nchini Nigeria, aliwasili katika Chuo Kikuu cha Azusa Pacific, chuo kidogo cha Kikristo kilichoko kusini mwa jimbo la California. Jina lake ni Christian Okoye. Alikuwa ameingia mwaka wake wa ishirini na moja, naye alipata nafasi ya masomo kwa sababu ya ustadi wake wa kurusha kisahani. Kandanda ya Kimarekani hakuwa ameicheza hata siku moja, na alipoitazama mwanzoni aliona kuwa ni mchezo wa kuchosha. Miaka saba baadaye, yaani mwaka wa 1989, hapakuwa na mchezaji yeyote katika ligi ya kulipwa ya NFL aliyepiga mbio na mpira mkononi kwa umbali mrefu kumshinda.

Safari ya namna hiyo haieleweki pasipo kufafanua mambo mawili. La kwanza ni kazi anayoifanya mchezaji wa aina yake uwanjani. La pili ni jinsi vyuo vikuu vya Marekani vinavyomlea mchezaji huyo, vinavyomtumia na hatimaye kumwachilia. Kwa msomaji wa Kenya jambo hili la pili si geni sana. Njia ya ufadhili wa riadha aliyoipitia Okoye ndiyo waliyoipitia Wakenya wengi tangu miaka ya 1970. Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81 mwaka wa 1978, alikuwa wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State. Tofauti iliyopo ni kwamba Rono alikwenda kuendeleza alichokijua, ilhali Okoye aliishia kutukuka kwa jambo ambalo hakulijua kabisa alipopanda ndege.

Mchezo wenyewe na suala la istilahi

Neno kandanda linapotajwa katika Afrika Mashariki, picha inayojitokeza akilini ni ya mpira wa duara unaopigwa kwa mguu. Mchezo ambao Wamarekani wanauita kwa jina lilo hilo, hata hivyo, una undugu wa karibu zaidi na raga. Mpira wake una umbo la yai. Kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani, na uwanja una urefu wa yadi 100 kutoka mstari wa goli mmoja hadi wa pili, pamoja na eneo la yadi 10 nyuma ya kila mstari. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu, hupewa mengine manne. Ikishindwa, hupoteza mpira. Anayeuvukisha mpira mstari wa mwisho huipatia timu yake alama 6. Kila jaribio huchukua sekunde chache tu, kisha wachezaji husimama, hupanga mbinu na kuanza upya.

Aliyezoea kuitazama raga atatambua kwa haraka tofauti mbili. Ya kwanza ni kwamba katika kila jaribio mpira huweza kurushwa mbele mara moja, jambo ambalo ni mwiko katika raga. Ya pili, ambayo ndiyo muhimu zaidi kwa madhumuni ya makala haya, ni kwamba mchezaji anaruhusiwa kumzuia mpinzani asiyekuwa na mpira. Katika raga hilo ni kosa. Katika kandanda ya Kimarekani ndiyo kazi ya takriban nusu ya kikosi kinachoshambulia. Watu watano wenye miili mikubwa hujipanga mstari wa mbele, na riziki yao ni kusukuma tu. Wengi wao humaliza maisha yao ya michezo bila kuushika mpira. Nyuma yao husimama mwelekezi, yaani yule anayeanzisha kila jaribio na kuamua mpira uende wapi. Na hatua chache nyuma au kando ya mwelekezi husimama mhusika wetu, akingoja kukabidhiwa mpira na kupenya katika mwanya ambao wenziwe wameufungua.

Hapa linazuka tatizo la istilahi. Jina lake la Kimarekani limebeba ndani yake neno ambalo Kiswahili kililichukua zamani kupitia mpira wa miguu, nalo ni beki. Katika Kiswahili, beki ni mlinzi, mtu wa kukaa karibu na lango lake. Katika mchezo huu wa Marekani, beki ni yeyote anayesimama nyuma ya mstari wa mbele, hata kama kazi yake yote ni kushambulia. Tafsiri sisisi ya 'beki mkimbiaji' basi ingempotosha msomaji kabla hata hajafika kwenye kitenzi. 'Mkimbiaji' pekee nalo limekwisha kumilikiwa na riadha. Makala haya yanatumia mbeba mpira, kwa kuwa takwimu za mchezo wenyewe huhesabu idadi ya mara ambazo mtu ameubeba mpira, na kwa kuwa kitenzi kubeba katika Kiswahili hakikosi dhana ya mzigo. Huenda mtu akapinga kwamba yeyote mwenye mpira mkononi ni mbeba mpira. Pingamizi hilo lina uzito, lakini ni huyu pekee ambaye ameajiriwa kwa ajili hiyo. 'Mchukuzi' lingefaa pia, na pengine lingesema ukweli zaidi mintarafu ujira wake wa miaka mingi, kama itakavyobainika.

Kazi ya macho

Mtazamaji wa kawaida hudhani kwamba mbeba mpira hodari ni mwenye mbio kuliko wengine. La hasha. Vyuo vikuu vya Marekani vimejaa vijana wenye mbio za kustaajabisha ambao hawakuwahi kuitwa uwanjani. Kosa la kwanza la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni kufika upesi mno. Kocha amechora ubaoni kwamba mwanya utakuwa kati ya mtu huyu na yule. Kijana naye anapokea mpira na kutimka kuelekea pale palipochorwa, anagongana na migongo ya wenziwe, na jaribio linakufa. Mwanya haukai ulipochorwa. Unafunguka kwa muda usiofika sekunde moja, mara nyingi hatua mbili kando ya mahali ulipotarajiwa, kwa sababu mpinzani naye anasukuma na ana akili zake.

Kwa hiyo kinachofunzwa kwanza ni kusoma. Mbeba mpira hujifunza kutazama kichwa cha mpinzani kimeegemea upande gani wa mtu anayemzuia, maana kichwa kikiwa kulia, mwili mzima umekwisha kuuacha upande wa kushoto. Hujifunza kwenda polepole hatua mbili za mwanzo, kana kwamba anasitasita, kisha kukata kona kwa hatua moja na kulipuka. Usomaji huu haufundishiki kwa maneno pekee. Wanafunzi hukaa saa nyingi kila juma katika vyumba vya giza wakitazama picha za mechi, jaribio moja likirudiwa mara kumi, hadi jicho linapoanza kuona lenyewe pasipo kuamrishwa. Kuna wanaosema kwamba kipaji cha kuona ni cha kuzaliwa nacho. Pengine, lakini hata hicho huhitaji kunolewa.

Fauka ya hayo kuna nidhamu ya mikono. Mpira hubanwa juu, ncha moja ikifunikwa kwa vidole na nyingine ikizama kwapani, na huhamishiwa mkono wa nje anayeubeba anapokaribia mstari wa pembeni. Kuuangusha ni aibu inayoweza kumkalisha mwanafunzi kwenye benchi kwa majuma kadhaa. Kisha kuna jukumu ambalo mashabiki hawalioni kabisa. Mwelekezi anapotaka kuurusha mpira, mbeba mpira hubaki nyuma kumkinga, na wanaokuja mbio dhidi yake aghalabu wamemzidi kwa kilo nyingi. Hili ndilo linalowachelewesha vijana wengi. Kocha atamwia radhi aliyeukosa mwanya. Aliyemwacha mwelekezi wake avunjwe mbavu hatapewa nafasi ya pili upesi.

Okoye aliyaanza haya yote akiwa na umri wa miaka 23. Chanzo chake kilikuwa uchungu. Michezo ya Olimpiki ya mwaka wa 1984 ilifanyika Los Angeles, mji ulio jirani kabisa na Azusa, na yeye alikuwa bingwa wa mashindano ya vyuo vya chama cha NAIA katika urushaji. Hata hivyo, hakujumuishwa katika timu ya Nigeria. Mwaka uo huo ndipo alipojiunga na timu ya kandanda ya chuo chake. Mwili alikuwa nao tayari: urefu wa futi 6 na inchi 1, uzito uliofika kilo 117 hivi katika miaka yake ya ligi, na zile nyonga na mapaja ambayo mrusha kisahani huyajenga kwa kuzunguka ndani ya duara maelfu ya mara. Juu ya hayo alikuwa na kasi ambayo watu wa uzito wake huwa hawanayo. Alichokosa ni macho, na macho ndiyo aliyoyatafuta kwa misimu mitatu.

Thamani ya misimu hiyo inaonekana vyema ikilinganishwa na kisa cha Mkenya. Mwaka wa 2013, Daniel Adongo, mchezaji wa raga aliyekuwa amecheza Nyuzilandi na Afrika Kusini, alisajiliwa na klabu ya Indianapolis Colts bila kupitia chuo chochote cha Marekani, na mwishoni mwa mwaka huo akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi ya NFL. Hakuwa mbeba mpira. Alifunzwa kazi ya ulinzi. Nguvu na ujasiri alikuwa navyo tele, lakini alitakiwa kujifunza alifu na ujiti ya mchezo huo mbele ya watu walioucheza tangu utotoni, na mechi alizoingia uwanjani zilikuwa chache mno. Okoye alipewa uwanja mdogo wa kukosea. Si kila mtu hubahatika kupata mahali pa kukosea bila kutazamwa na taifa zima.

Katika msimu wa 1986 Okoye aliwaongoza wabeba mpira wote wa chama cha NAIA kwa yadi 1,680, wastani wa zaidi ya yadi 186 kwa kila mechi, na alifunga mara 21. Wenye shaka walisema kwamba wapinzani wake walikuwa wanyonge, na hawakukosea kabisa, maana vyuo vidogo havina watu wa kumzuia mtu wa kilo mia na ushei. Mnamo Januari 1987, katika mechi ya Senior Bowl inayowakutanisha wachezaji bora wanaohitimu kutoka vyuo vya nchi nzima, alifunga mara nne. Shaka zikapungua. Klabu ya Kansas City Chiefs ilimchagua katika raundi ya pili ya mwaka huo, akiwa wa 35 kwa jumla.

Huko Kansas City Okoye alipachikwa lakabu ambayo kwa Kiswahili ni Jinamizi la Nigeria. Katika Kiingereza utamu wa lakabu hiyo unatokana na mwambatano wa sauti za mwanzo, jambo linalopotea katika tafsiri. Lakini tafsiri inafidia hasara hiyo kwa faida ambayo Wamarekani hawakuifikiria. Jinamizi katika imani za Waswahili ni kitu kinachomlalia mtu kifuani usingizini, kikamkaba, asiweze kujitikisa wala kupiga ukelele. Okoye hakuwa mtu wa chenga. Alikimbia wima, akielekea mbele moja kwa moja, na waliojaribu kumwangusha walijikuta chini yake.

Kungoja zamu

Ikiwa Okoye ni mfano wa aliyechelewa kuanza, Barry Sanders ni mfano wa aliyewahi na kulazimika kungoja. Sanders alitoka Wichita, katika jimbo la Kansas. Urefu wake wa futi 5 na inchi 8 uliwafanya makocha wengi wampuuze, na ni vyuo vichache vilivyomtaka. Alipojiunga na Chuo Kikuu cha Oklahoma State mwaka wa 1986 alimkuta Thurman Thomas, ambaye baadaye alipata sifa kubwa katika klabu ya Buffalo Bills. Kwa misimu miwili Sanders alikuwa wa pili. Alipewa kazi ya kurudisha mipira inayopigwa mwanzoni mwa mchezo, kazi ambayo wengi huiona kuwa ya akiba, naye akaongoza nchi nzima kwa wastani wa umbali aliourudisha mwaka wa 1987. Ni rahisi kuiona miaka hiyo kama miaka iliyopotea. Kwa hakika ndiyo iliyomkinga. Mwili wake haukugongwa mara mia tatu kwa msimu akiwa na umri wa miaka 18, na kila mpira alioupokea ulimkuta katika uwanja ulio wazi, watu 11 wakimjia mbio, akalazimika kuamua.

Mwaka wa 1988 Thomas alikuwa ameondoka. Katika mechi 11 Sanders alibeba mpira mara 344 na kupata yadi 2,628, wastani wa yadi 7.6 kila alipoubeba, na kufunga mara 37 kwa kukimbia. Alitunukiwa tuzo ya Heisman, tuzo kuu ya mchezaji wa chuo, akiwa Tokyo ambako timu yake ilikuwa imekwenda kucheza mechi ya mwisho ya ratiba yao. Kisha katika mechi ya ziada ya mwisho wa msimu akapata yadi 222 nyingine na kufunga mara tano, lakini siku hizo mechi za aina hiyo hazikuhesabiwa katika takwimu rasmi. Zilianza kuhesabiwa mwaka wa 2002.

Jambo hilo dogo la kihasibu lilikuja kuwa kubwa mwaka wa 2024. Ashton Jeanty wa Chuo Kikuu cha Boise State alimaliza msimu akiwa na yadi 2,601, pungufu kwa yadi 27 tu kufikia za Sanders. Alicheza mechi 14 na kubeba mpira mara 374. Sanders alicheza 11 na mechi yake ya 12 haikuhesabiwa. Wako waliosikitika kwamba Jeanty aliikosa rekodi, nao wana haki ya kusikitika, kwani alikuwa na msimu wa ajabu. Ila angeipata, ingalikuwa rekodi ya kalenda zaidi kuliko ya miguu.

Mwili kama mtaji

Swali linalobaki ni la nani afaidike. Kila anapobeba mpira, mchezaji huyu huangushwa na mtu mmoja, wawili au watano. Magoti, vifundo na mabega yana idadi fulani ya mapigo yanayoweza kuyahimili, na hakuna anayeijua idadi hiyo mapema. Mwelekezi huweza kucheza hadi umri wa miaka 40. Mbeba mpira aliyefika 30 huhesabiwa kuwa mzee. Maana yake ni kwamba miaka ya chuo, ambayo kwa mchezaji wa nafasi nyingine ni utangulizi, kwake yeye huweza kuwa ndiyo kitabu chenyewe.

Marcus Lattimore wa Chuo Kikuu cha South Carolina anatosha kuwa kielelezo. Mwaka wa 2010, akiwa katika mwaka wa kwanza, alipata yadi 1,197 na kufunga mara 17 kwa kukimbia. Oktoba 2011 goti lake la kushoto liliumia, msimu ukaisha. Akatibiwa, akarejea. Tarehe 27 Oktoba 2012, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 21, goti la kulia liliteguka katika mechi dhidi ya Tennessee, kano zikakatika, na wachezaji wa timu zote mbili wakaingia uwanjani kumzunguka alipokuwa amelala. Klabu ya San Francisco 49ers ilimchagua katika raundi ya nne mwaka wa 2013 ikitumaini kwamba angepona. Hakupona vya kutosha. Novemba 2014 alistaafu akiwa na umri wa miaka 23, bila kucheza hata mechi moja ya ligi ya kulipwa. Ujuzi wote aliokuwa nao, na umati wote uliojaza viwanja kumtazama, vilikuwa vya miaka ambayo sheria ilimkataza kulipwa.

Sheria hiyo ilikuwa na kuta mbili. Ukuta wa kwanza ni kanuni ya ligi ya NFL kwamba mchezaji hawezi kusajiliwa kabla ya kupita miaka mitatu tangu alipomaliza shule ya upili. Maurice Clarett wa Ohio State alijaribu kuubomoa. Mwaka wa 2002, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alipata yadi 1,237 na ndiye aliyefunga alama za ushindi katika fainali ya ubingwa wa nchi mnamo Januari 2003. Chuo kilimsimamisha msimu uliofuata kwa madai ya kukiuka kanuni, naye akaishtaki ligi. Alishinda Februari 2004. Mei mwaka uo huo mahakama ya rufani ikaubatilisha ushindi huo, katika uamuzi ulioandikwa na Jaji Sonia Sotomayor, ambaye baadaye aliteuliwa katika Mahakama ya Juu. Hoja ya mahakama ilikuwa kwamba masharti ya ajira hupatanwa kati ya ligi na chama cha wachezaji. Clarett, bila shaka, hakuwa mwanachama wa chama hicho, maana alikuwa bado hajaruhusiwa kuingia. Inasemekana kanuni hii huwakinga vijana wasiumizwe na watu wazima. Kwa watu wa mstari wa mbele, ambao miili yao hukomaa polepole, hoja hiyo ina mashiko. Kwa mbeba mpira ni vigumu kuikubali, kwa sababu haimwepushi na mapigo. Humwepusha na malipo yake tu.

Ukuta wa pili ulikuwa kanuni ya chama cha NCAA iliyomzuia mwanafunzi kupata chochote ghairi ya karo, malazi, chakula na mahitaji ya masomo. Mwaka wa 2014 Todd Gurley wa Chuo Kikuu cha Georgia alisimamishwa mechi nne kwa kupokea zaidi ya dola 3,000 katika muda wa miaka miwili, malipo ya kutia sahihi vitu vya kumbukumbu. Wakati huohuo mavazi yenye nambari yake ya mgongoni yaliuzwa madukani bila yeye kupata senti. Gurley alitumikia adhabu yake, akarejea Novemba 15 dhidi ya Auburn, na katika mechi iyo hiyo goti lake la kushoto likakatika kano. Mwaka uliofuata alichaguliwa wa 10 katika usajili wa NFL, na mwaka wa 2018 akatia sahihi nyongeza ya mkataba ya dola milioni 57.5. Goti halikusahau. Klabu yake ilimwacha Machi 2020, na msimu wake wa mwisho, mwaka huohuo akiwa Atlanta, ulikwisha akiwa na umri wa miaka 26. Gurley angalau alivuna. Lakini mtu akilitazama goti hilo kama mtaji, atauliza ni kwa nini dola 3,000 zilikuwa dhambi ilhali sehemu kubwa ya mtaji huo ilitumika Georgia.

Ukuta huu wa pili umeanguka, ule wa kwanza ungali umesimama. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja, katika kesi ya Alston, kwamba NCAA haiwezi kuviwekea vyuo mipaka kuhusu manufaa ya kielimu vinayowapa wanariadha. Siku chache baadaye, tarehe 1 Julai 2021, wanafunzi waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanariadha moja kwa moja, kikomo kikiwa takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Mabadiliko haya yamezua mapya. Mwanafunzi wa leo ambaye yuko katika nafasi ya Sanders ya 1987, wa pili nyuma ya mwingine, aghalabu hangoji. Huhamia chuo kingine kinachomwahidi mpira na pesa. Jeanty ni miongoni mwa waliobaki. Alikataa kuhama Boise State ingawa vyuo vikubwa vilimhitaji, kisha Aprili 2025 akachaguliwa wa 6 na klabu ya Las Vegas Raiders.

Mapigo 370

Mwaka wa 1989, alipoongoza ligi kwa yadi 1,480, Okoye alibeba mpira mara 370. Kocha mpya wa Chiefs, Marty Schottenheimer, alikuwa amejenga mashambulizi yote juu ya mabega yake. Msimu uliofuata alipata yadi 805. Mwaka wa 1991 aliamka tena na kufikisha 1,031, na mwaka wa 1992 zikawa 448. Mfano mmoja hauwi ushahidi, na wapo waliobeba mpira mara nyingi zaidi ya hizo wakaendelea kustawi. Hata hivyo magoti ya Okoye yalikuwa yamechoka, na baada ya msimu huo aliacha kucheza akiwa na jumla ya yadi 4,897. Ukihesabu misimu mitatu ya Azusa na sita ya Kansas City, maisha yake yote katika mchezo aliouona wa kuchosha yalikuwa misimu tisa. Mwaka wa 2000 klabu ilimwingiza katika orodha yake ya watukufu.

Chuo cha Azusa Pacific, kwa upande wake, kilitangaza mnamo Desemba 2020 kwamba kinaifuta timu yake ya kandanda.